Kujifunza Kijapani mtandaoni ukiwa bado sekondari

Vipindi vingi vya Kijapani mtandaoni hufundishwa kwa Kiingereza, au kwa Kijapani chenyewe. Matokeo yake, mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili hulipeleka kila neno jipya kwenye Kiingereza kwanza, ndipo alirudishe kwake. Mzunguko huo hauna ulazima. Kijapani na Kiswahili si ndugu, ila vinafanana katika mambo ambayo anayeanza huyahitaji mapema: irabu, silabi, vitenzi vinavyobeba viambishi, na adabu ya kuzungumza na mkubwa. Mwongozo huu ni wa kijana wa sekondari ambaye tayari ana masomo ya kutosha kumchosha, na unamtaka aitumie lugha aliyonayo.

Hatua ya 1: Chagua darasa, lakini usikimbilie kulipa

Kuna njia tatu: kozi ya kujisomea, darasa la kikundi, na mwalimu wa mtu mmoja. Ushauri wangu ni uanze na kozi ya kujisomea ya bure kwa mwezi mmoja hivi, umalize herufi za mwanzo, ndipo uingie darasa la kikundi. Kumlipa mtu akuonyeshe あ inavyosomwa ni kupoteza fedha, maana hilo video yoyote inalifanya. Mwalimu analipwa kwa kile ambacho video haiwezi, yaani kukusikiliza na kukurekebisha.

Kozi za bure zipo, tena nzuri. Japan Foundation, taasisi ya Japani inayoshughulikia utamaduni na ufundishaji wa Kijapani nje ya nchi, ina jukwaa liitwalo Minato lenye kozi za kujisomea. Ina pia Irodori, yenye vitabu na sauti za kupakua, japo mazungumzo yake yanawalenga zaidi watu wazima wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani. Kwa umri wako, afadhali video zao za Erin, msichana aliyejiunga na shule ya sekondari ya Japani. Misamiati yake ni ya darasani, klabu za shule na marafiki. NHK WORLD-JAPAN nayo, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, kwa kuwa ina idhaa ya Kiswahili, imetoa masomo mafupi ya sauti yenye maelezo kwa Kiswahili.

Ukifika wakati wa kulipia darasa, omba kipindi cha majaribio na uulize mambo mawili. La kwanza: darasani kuna wanafunzi wangapi? Wakizidi wanane, zamu yako ya kusema itakuwa chache mno. La pili: mwalimu anaendelea kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini hadi lini? Akisema kozi nzima, tafuta mwingine.

Mzazi au mlezi ajue unasoma na nani. Majukwaa mengi hutaka idhini yake ikiwa hujafikisha miaka 18, na hata yasipotaka, mshirikishe. Mawasiliano yabaki ndani ya jukwaa. Mwalimu anayetaka mhamie kwenye ujumbe wa faragha, au anayeomba picha na anwani yako, huyo unamwacha siku hiyo hiyo bila kujieleza.

Kuhusu saa: Japani iko saa 9 mbele ya saa za Greenwich mwaka mzima, haisogezi saa zake majira yakibadilika. Mwalimu atakuandikia 20:00, nawe ubadilishe kuwa saa za ulipo. Kwenye kalenda ya simu weka tarakimu za mfumo wa saa 24. Ukiandika 2:00 ukimaanisha saa mbili, simu itakuamsha saa nane.

Hatua ya 2: Andaa kifaa

Hili lisikuchukue zaidi ya jioni moja. Weka kibodi ya Kijapani kwenye simu au kompyuta. Unaandika kwa herufi za Kilatini, nayo inabadilisha: ukiandika *ka* inatokea か, na ukibonyeza kitufe cha nafasi unaletewa kanji, herufi zenye asili ya Kichina, za kuchagua. Herufi ん huitoa kwa kubonyeza n mara mbili. Tafuta hedifoni zenye maiki, hata za bei ndogo, kwa sababu maiki ya simu iliyo mezani humpa mwalimu kelele za nyumba nzima. Kama bando ni dogo, pakua sauti na vitabu mapema unapopata mtandao wa bure, na wakati wa kipindi punguza ubora wa video kabla ya kufikiria kuzima kamera.

Hatua ya 3: Sikio na mdomo kabla ya daftari

Hapa msemaji wa Kiswahili anaanza mbele ya wengi, na hapa pia ndipo anapojikwaa kwa kujiamini.

Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, na zinakaribiana sana na zetu. Silabi zake karibu zote huishia na irabu. Neno kama *sakana* (samaki) utalisoma sawasawa siku ya kwanza. Hata ile ん inayowasumbua wengine unaijua: n ya *nta* husimama peke yake kama silabi, na ん hupewa pigo lake vivyo hivyo. *Nihon*, yaani Japani, ina mapigo matatu: ni-ho-n.

Urefu wa irabu pia si mgeni kwako. Anayetofautisha *kufa* na *kufaa* hashindwi kutofautisha *obasan* (shangazi) na *obaasan* (bibi). Shida ni kwamba maandishi hukudanganya. Ukiona *gakkou* (shule) utataka kusoma ga-kko-u kwa Kiswahili, wakati *ou* hapo ni o ndefu tu, na *sensei* (mwalimu) hutamkwa kwa e ndefu mwishoni. Jiji tunaloliandika Tokyo, kwa Kijapani lina mapigo manne: to-o-kyo-o.

Sasa yale ambayo Kiswahili hakikupi:

Konsonanti iliyorudiwa. *Kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu. Katikati ya *kitte* kuna pigo la kimya. Ulimi unakaa mahali pa t, unasubiri, kisha unaachia. Piga makofi ukisema: ki, kimya, te.

Sauti ya *tsu*. Wengi wetu huigeuza kuwa *su* au huiongezea irabu ikawa *tusu*. Ukiigeuza *su*, basi *tsuki* (mwezi) limekuwa *suki* (kupenda).

Irabu zinazonong'onwa. *Desu* husikika karibu kama *des*, na u ya *suki* karibu haisikiki. Sisi tumezoea kuipa kila irabu haki yake, kwa hiyo tunasema *desu* kwa u iliyonona. Utaeleweka, ila utasikika kama mtu anayesoma kwa kidole.

Na mkazo, ambao ndio mkubwa kuliko yote. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo hufanya hivyo bila kuulizwa. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo. Kina kupanda na kushuka kwa sauti. *Megane* (miwani), katika Kijapani sanifu cha Tokyo, huanza juu kwenye *me* kisha hushuka. Wewe utasema me-GA-ne. *Hashi* yenye sauti ya juu mwanzoni ni vijiti vya kulia, na yenye sauti ya juu mwishoni ni daraja. Kwa mkazo wetu kila daraja litakuwa vijiti. Usikeshe ukikariri mipando hiyo, maana muktadha utakuokoa mara nyingi. Jizoeze tu kusawazisha sauti, usiibonyeze silabi hiyo ya pili kutoka mwisho.

Zoezi lake ni moja, na ni la kila siku: cheza sentensi fupi, irudie papo hapo kwa kuifuata sauti, kisha jirekodi na usikilize. Dakika tano zinatosha. Kujisikiliza kunaudhi, lakini hakuna anayeweza kukufanyia kazi hiyo katikati ya wiki.

Hatua ya 4: Hiragana, kisha katakana

Hiragana, herufi za silabi za maneno ya Kijapani, zina herufi za msingi 46, na katakana, zinazotumika zaidi kwa maneno na majina ya kigeni, 46 nyingine zenye sauti zile zile. Jedwali la hiragana limepangwa kwa safu za irabu tano: a i u e o, ka ki ku ke ko, na kuendelea. Safu moja kwa siku, kwa kuandika kwa mkono huku ukitamka, itakumalizia hiragana zote chini ya wiki mbili. Vidoti viwili juu ya か (ka) huifanya が (ga), na kiduara juu ya は (ha) huifanya ぱ (pa). Hayo hayahitaji siku yake.

Andika kwa mkono hata kama utatumia simu maisha yako yote. Utaelewa sababu ukifika katakana na kukutana na シ (shi) na ツ (tsu), ソ (so) na ン (n). Kwa macho zinakaribia kuwa moja. Kwa mkono zimeachana: mstari mrefu wa シ na ン huanzia chini ukapanda, wa ツ na ソ huanzia juu ukashuka.

Vijineno vitatu vitakushangaza katika sentensi za kwanza: は husomwa *wa*, へ husomwa *e*, na を husomwa *o*, pale vinapofanya kazi ya sarufi. Kubali na uendelee. Katakana zikikolea, andika jina lako. Majina yetu mengi, kwa kuwa huishia na irabu, huingia bila kusukumwa: アミナ ni Amina. L na R zote hupewa herufi moja, kwa hiyo Lulu ataitwa Ruru na azoee.

Siku utakapomaliza herufi, futa herufi za Kilatini kwenye daftari lako la Kijapani. Zikibaki, jicho litazikimbilia kila mara.

Hatua ya 5: Daftari la sarufi liwe la Kiswahili

Maelezo ya mwalimu yatakuja kwa Kiingereza. Wewe andika kwa Kiswahili, maana mara nyingi maelezo yanakuwa mafupi zaidi.

Chukua mahali. Kiingereza hukufundisha neno linalotangulia nomino. Kijapani huliweka nyuma yake, nasi pia tuna *-ni* nyuma ya nomino. Naenda shuleni: *gakkou ni ikimasu*. Hata sauti zimegongana, kwa bahati tu. Tahadhari moja: *-ni* yetu hubeba kazi mbili ambazo Kijapani huzigawa. Mahali unapokwenda au ulipo ni *ni*; mahali unapofanyia jambo ni *de*. Nasoma kitabu shuleni: *gakkou de hon o yomimasu*. Ukiipanga neno kwa neno ni "shuleni, kitabu, nasoma". Kitenzi hukaa mwisho daima. Andika sentensi kumi za siku yako kwa mpangilio huo huo, kwa Kiswahili kilichopinduliwa, kabla ya kutia Kijapani. Inachekesha, na inafanya kazi.

Chukua mtendaji. Anayetafsiri kutoka Kiingereza huweka *watashi wa* (mimi) mwanzo wa kila sentensi. Wewe husemi "mimi nimekula, mimi nimelala, mimi nimeamka", basi usiseme hivyo kwa Kijapani pia. Tofauti ni kwamba kitenzi cha Kijapani hakina hata *ni-* wala *a-*. *Yomimasu* yaweza kuwa nasoma, tunasoma au wanasoma, na anayesikiliza hujua kutokana na mazungumzo.

Chukua viambishi. Mtoto wa Kiswahili anayejua kula, kulisha na kulishwa haogopi *taberu* (kula), *tabesaseru* (kumfanya mtu ale), *tabesaserareru* (kufanywa ule). Sisi hupanga viambishi mbele na nyuma ya mzizi. Kijapani hurundika karibu vyote nyuma. *Tabetai*, nataka kula. *Tabetakunai*, sitaki kula. *Tabetakunakatta*, sikutaka kula. Usikariri maneno hayo kama vitu vitatu tofauti. Yakate kwa penseli kama ulivyofundishwa kuchanganua vitenzi kwenye somo la Kiswahili.

Chukua idadi. Kijapani huhesabu kwa vijineno vinavyotegemea kitu: *-hon* kwa virefu vyembamba kama penseli, *-mai* kwa vyembamba bapa kama karatasi, *-nin* kwa watu. Wageni wengi hulalamika kwamba ni mzigo. Aliyekua akisema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili hana haki ya kulalamika sana. Kinachokera kweli ni sauti kubadilika: penseli moja ni *ippon*, mbili *nihon*, tatu *sanbon*, na mtu mmoja ni *hitori*, wawili *futari*, kisha ndipo *sannin*. Hayo ni ya kukariri tu.

Kisha adabu. Kijapani kina namna ya kawaida (*taberu*) na ya heshima (*tabemasu*), na juu yake tabaka jingine la heshima utakalolikuta baadaye. Kwa mwalimu tumia ya heshima, daima. Anayejua kwamba shikamoo haitolewi kwa kila mtu ameshaelewa wazo lenyewe. Muite *sensei*, usimwite *anata* hata kama kamusi inasema maana yake ni "wewe". Na kama Kijapani chako cha kwanza kilitoka kwenye anime, acha *ore* na *omae*, yaani "mimi" na "wewe" za kibabe, huko huko zilikotoka.

Yapo ambayo Kiswahili hakikusaidii hata kidogo: tofauti ya vijineno *wa* (huonyesha mada) na *ga* (huonyesha mtenda), na vivumishi vinavyobadilika kwa wakati kama vitenzi (*takai* ni ghali, *takakatta* ilikuwa ghali). Kwenye hayo msikilize mwalimu, uandike mifano mingi kuliko kanuni.

Hatua ya 6: Ndani ya kipindi

Ingia dakika tano kabla, ukiwa na sentensi mbili ulizoandaa kuhusu wiki yako, kwa sababu karibu kila mwalimu hufungua kwa kuuliza habari. Mwanzo sema *yoroshiku onegai shimasu* (naomba ushirikiano wako), mwisho *arigatou gozaimashita* (asante sana). Hizi hapa za dharura, zibandike kando ya skrini:

*Mou ichido onegai shimasu*: mara nyingine, tafadhali.
*Yukkuri onegai shimasu*: polepole, tafadhali.
*Sumimasen, kikoemasen*: samahani, sisikii.
*Gamen ga miemasen*: skrini haionekani.
*Oto ga togiremasu*: sauti inakatika.
*Kore wa nihongo de nan desu ka*: hiki kwa Kijapani kinaitwaje?

Siku moja utaambiwa *myuuto ni natte imasu yo*. Umesahau kuwasha maiki.

Mjapani akisikiliza hatulii kimya. Huitikia kwa kichwa na kusema *hai*, *ee*, kama tunavyoitikia "ehe" mtu akisimulia. *Hai* hiyo ina maana ya "nakufuata", haimaanishi kwamba amekubali. Mtandaoni, maiki yako ikiwa imezimwa, mwalimu anaona uso tu, basi itikia kwa kichwa. Ndiyo maana nilisema kamera usiizime haraka.

Usirekodi kipindi bila ruhusa. Badala yake, siku hiyo hiyo kabla ya kulala, andika bila kutazama popote sentensi tatu ulizorekebishwa. Sentensi ambazo mwalimu alikurekebisha ndizo ulizolipia.

Hatua ya 7: Kati ya kipindi na kipindi

Kipindi kimoja au viwili kwa wiki haviwezi kukubebesha misamiati. Tumia programu ya kadi za kukumbushia kama Anki, ambayo ni bure kwenye kompyuta na simu za Android ila hulipiwa kwenye iPhone. Hukuletea neno tena pale unapokaribia kulisahau. Kadi mpya tano au sita kwa siku zinatosha. Wanaoanza na thelathini huwa na deni la mamia ya kadi kabla mwezi haujaisha, kisha huifuta programu. Nyuma ya kadi weka maana kwa Kiswahili, na mbele sentensi nzima yenye sauti.

Kanji zisikutishe kwa wingi wake. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, na watoto wa Japani hufundishwa 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi. Kama wenyewe hupewa miaka sita, nawe jipe muda. Jifunze kanji ndani ya neno, usikariri orodha ya matamshi yake: katika *nichiyoubi*, 日曜日 (Jumapili), herufi ile ile 日 imesomwa kwa namna mbili. Tazama pia zilivyoundwa. 木 ni mti, mbili 林 ni kijisitu, tatu 森 ni msitu, na mtu kando ya mti, 休, ni kupumzika.

Mwalimu akitoa insha, usiipeleke kwenye programu ya kutafsiri. Sarufi itakayorudi itakuwa ya ngazi ambayo hujafika, naye ataiona kwenye mstari wa kwanza.

Hatua ya 8: Mtihani wa Kijapani na mitihani ya shule

Mtihani unaojulikana zaidi ni JLPT (Japanese-Language Proficiency Test), wenye ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu. Hufanyika Julai na Desemba, ingawa nje ya Japani baadhi ya miji huwa na awamu moja tu, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. N5 ina alama 180. Kufaulu ni 80, mradi upate walau 38 kati ya 120 za lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno, ila vitabu vya maandalizi hukadiria kanji 100 hivi na maneno 800 hivi. Maswali yote ni ya kuchagua, hakuna sehemu ya kuzungumza. Kwa hiyo cheti kisikufanye uache darasa lako la mazungumzo. Kwa kasi niliyoeleza hapa, N5 ni lengo la mwaka mmoja, na hakuna aibu ukichukua mwaka na nusu.

Mitihani ya shule ikikaribia, mwambie mwalimu mapema usitishe vipindi, na uzime kadi mpya. Zile za marudio ziendelee, dakika kumi kwa siku na zisizidi. Ukirudi, wiki ya kwanza usiongeze neno lolote: sikiliza upya sauti za masomo mawili ya mwisho, malizia kadi zilizolala, kisha omba kipindi cha kwanza kiwe cha mazungumzo tu.